Bolti ya Tatu

Mume wangu Placidi ni mtu wa maneno machache. Wamatengo wengi wako hivyo, na sisi watu wa ziwani tunapowatania tunasema maneno yao wameyafukia kwenye ngoro, yale mashimo yao ya kilimo, pamoja na majani, wanangoja yaoze ndipo wayapandie mahindi. Wao hutujibu kwamba ndimi zetu hazikauki kwa kuwa tumelelewa majini. Mimi nimetoka Mbaha, nikaolewa huku juu milimani, na tangu hapo nimekuwa nikisema kwa niaba ya watu wawili. Naanza na hilo ili nikifoka mbele ya safari msishangae.

Placidi alikuwa fundi wa karakana ya ushirika, akitengeneza malori ya kahawa. Kisha biashara ikaachiwa huru, wanunuzi wa kahawa wakaja na magari yao na madereva wao, ushirika ukalegea, karakana ikafungwa. Mafundi walishukuriwa kwa maneno mazuri, wakarudishwa nyumbani. Placidi alirudi na spana zake ndani ya mfuko wa saruji na kopo kuukuu la bolti. Akasimika nguzo nyuma ya soko la Mbinga, akaezeka mabati, ikawa gereji. Mimi nikaweka kibanda cha chakula ubavuni, nikawa nawapikia ugali na usipa, dagaa wa ziwani kwetu, wenye magari waliokuwa wakisubiri.

Miaka ile alichoka sana. Sisemi uchovu wa mgongo, huo kila mtu anao. Kule ushirika bolti ya usukani au ya breki haikuachiwa mtu mmoja. Mmoja alikaza, mwingine akaja na spana yake kuhakiki, akisharidhika anapaka tone la rangi, na gari halikutoka bila tone hilo. Sasa Placidi alikaza peke yake na kuhakiki peke yake. Hakukuwa na mtu wa kumwambia leo umechoka, niachie mimi. Kuna jioni alirudi nyumbani, akala nusu sahani, akaondoka tena kwenda kugusa bolti aliyokwisha kuikaza. Nilimsema sana kwa hilo. Nilimwambia ameoa magari.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, baridi ikiwa imekaba na ukungu haujaachia milima, konda wa basi lililotoka Kitai alikuja kibandani akavua kofia. Nilijua kabla hajasema. Mama yangu alikuwa amefariki jana yake kule Mbaha. Mdogo wangu Nathanieli alikuwa amewatuma watu, neno likapita mdomo kwa mdomo mpaka Kitai: mazishi ni kesho baada ya sala, na wananingoja mimi. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, na kwetu udongo wa kwanza kaburini hutupwa na mtoto wa kwanza. Lakini ziwani kuna joto, si kama huku. Mwili haukai. Wangeweza kungoja kesho mpaka jua lishuke, basi.

Nililia kidogo, nikajikaza, nikaanza kutafuta gari. Lori la kwenda Lituhi, njia ya kwetu, lilikuwa limeshatoka, na lisingerudi kabla ya siku tatu. Wanunuzi wa kahawa hawakuwa na safari ya ziwani, huko hakuna kahawa. Lilibaki gari moja tu, Land Cruiser ya Mzee Fakihi mwenye duka, mtu ambaye babu zake walitoka Kilwa. Alikuwa akipeleka sukari na sabuni Lituhi na Mbaha, akirudi na samaki. Na gari lenyewe lilikuwa hapo hapo mbele ya kibanda changu, limepandishwa juu ya magogo, gurudumu moja la mbele limetolewa, na miguu ya mume wangu imejitokeza chini yake.

Mzee Fakihi alikuja mwenyewe kunipa pole. Akasema gari likipona tu, nimelipata, dereva atakuwa yeye, na watu wengine wa Mbaha wanaoishi Mbinga wapande pia. Sikumwomba hilo. Alikuwa muungwana, na nalisema hili sasa kwa sababu baadaye nitamsema vibaya.

Ugonjwa wa gari ulikuwa hivi. Kwenye gurudumu la mbele kuna mkono mnene wa chuma. Dereva akizungusha usukani, mkono huo ndio unaolivuta gurudumu kulia na kushoto. Umeshikwa na bolti nne. Moja ilikuwa imekatika njiani, kichwa kimepotea, kipande kimebaki ndani ya chuma. Ili kukitoa, ilibidi zitoke zile tatu nyingine, mkono uondolewe, ndipo kipande kishikwe. Placidi alikuwa na bolti mpya mbili za aina hiyo kwenye kopo lake la ushirika, na nyingine mbili zingeweza kuazimwa kutoka kwenye mkono kama huo wa gari bovu lililolala Kigonsera. Mtu wa baiskeli alikwisha kutumwa. Kazi ya nusu siku, aliniambia. Mpaka adhuhuri tutakuwa tumemaliza, alfajiri tunaondoka, maana mteremko wa Lituhi haushukwi gizani.

Lakini zile tatu hazikutoka. Alivuta, hazikusogea hata unywele. Placidi akafanya walichofanya siku zote kule karakana. Kwa mafundi wa ushirika, bolti isiyotoka ina kutu, na dawa ya kutu ni mafuta ya taa na subira. Akazimwagia mafuta ya taa, akazigonga vichwa polepole kwa nyundo, akangoja, akamwagia tena. Mimi nilikaa pale na kanga yangu ya msiba mabegani nikimtazama akingoja. Mtu aliyefiwa hana subira ya kutazama mafuta yakinywewa na chuma. Nilikwenda kufunga nguo zangu, nikarudi, alikuwa bado anamwagia.

Watu wa Mbaha wakaanza kufika na vifurushi vyao. Alikuja mzee Bartholomayo, aliyekuwa rafiki wa marehemu baba yangu, pamoja na akina mama wa kwetu. Wakakaa kwenye mabenchi yangu wakisubiri. Hawakumsumbua fundi. Walimtazama tu, na hilo ni baya zaidi.

Alasiri, baada ya kuswali, Mzee Fakihi alipita kuona kazi imefika wapi. Aliinama, akatazama, akanusa mafuta ya taa. Akauliza kwa upole kama yale mafuta yatasaidia kitu, maana fundi wa Makambako aliyefunga mkono ule mwaka uliopita alizitia bolti gundi. Gundi nyekundu, imekuja siku hizi katika vichupa vidogo. Fundi yule alijisifu nayo. Alisema bolti ikishaipata haitalegea tena, na anayetaka kuitoa sharti aichome moto kwanza.

Placidi aliweka nyundo chini. Gundi hiyo alikuwa ameisikia tu kwa madereva, hajawahi kuigusa. Akauliza kwa nini hakuambiwa asubuhi. Mzee Fakihi akasema hakuulizwa, na kwamba alidhani fundi anaona. Hapo ndipo nilipofoka. Nilimwambia Mzee Fakihi maneno ambayo mtu mwenye heshima hamwambii mtu mwenye umri wake, tena aliyejitolea gari lake, nikamwambia kwamba mama yangu yuko kwenye mkeka na yeye ametunza siri ya gundi kama mahari. Aliinamisha kichwa. Placidi ndiye aliyenizuia. Alisema kosa ni lake, ameona kutu pasipo na kutu, kwa sababu alitaka kuona kitu anachokijua.

Sasa ilitakiwa moto, na chuma chote kilikuwa kimelowa mafuta ya taa kwa mikono yake mwenyewe. Kama si msiba ningecheka. Tulichemsha maji jikoni kwangu, tukasugua kwa sabuni, tukafuta kwa matambara, tukasugua tena. Gesi ya kuchomea vyuma haikuwepo mji mzima, mtungi ulikuwa umepelekwa Songea kujazwa. Basi tukatumia mkaa wangu wa kupikia. Placidi alitumbukiza ncha za nondo ndani ya jiko, mimi nikapepea kwa mfuniko wa sufuria mpaka zikaiva zikawa nyekundu. Alichukua moja, akaikandamiza juu ya kichwa cha bolti. Mafuta yaliyokuwa yamejificha nyufani yakalipuka, moto ukaruka mpaka kwenye kola ya shati lake. Tukamwaga mchanga. Moto ukazimika, na mchanga ukaingia kila mahali, tukaanza kuusafisha mchanga.

Nilipepea mpaka bega likafa ganzi. Nondo ikipoa, nyingine inaingia. Chuma kile kilikuwa kikubwa na baridi ya Mbinga ilikuwa ikila joto lake lote. Hatimaye harufu kali ikatoka, harufu ya ndoo ya plastiki iliyosahauliwa motoni, na Placidi akasema hiyo ndiyo gundi. Akatia spana upesi. Nilimwona anavyovuta: anavuta kidogo, anasikiliza kwa kiganja, anarudisha nyuma, anavuta tena. Ndivyo anavyofungua kila kitu, hata kopo la asali. Bolti ya kwanza ikalia, ikazunguka, ikatoka. Akina mama waliokuwa kwenye mabenchi wakashukuru Mungu kwa sauti ya chini.

Ya pili ilitoka jua likielekea milimani. Placidi hakuitupa kwenye kopo. Aliipangusa, akaisogeza kwenye mwanga, akaniita. Shingoni mwake kulikuwa na mstari mweusi mwembamba, nusu ya mzunguko. Ufa. Ilikuwa inakatika nayo polepole, safari kwa safari, na gundi ilikuwa imeishika mahali pake ili mtu asijue.

Wakati huo huo mtu wa baiskeli akarudi kutoka Kigonsera mikono mitupu. Mwenye gari bovu hakuwepo nyumbani, angerudi kesho. Basi tulikuwa na bolti mpya mbili, hazizidi. Tundu moja lilikuwa na kile kipande kilichokatika. Na ile ya tatu, ya zamani, ilikuwa bado mahali pake, imekazwa na gundi yake, haijaguswa.

Mzee Bartholomayo alisimama. Alisema, tena kwa adabu, kwamba yeye si fundi ila anajua kuhesabu: mbili mpya na moja ya zamani ni tatu. Gari limekuja na tatu kutoka ziwani likiwa na mzigo wa samaki. Litakwenda na tatu. Wengine wakaunga mkono. Tutakwenda polepole, walisema, mteremko wa Lituhi tutashuka kwa miguu ikibidi. Hata Mzee Fakihi, ambaye gari ni lake, alisema anaona inawezekana, ila fundi ndiye aamue.

Wote wakamgeukia. Placidi alikuwa amechuchumaa, mikono imemning'inia magotini, masizi yamemjaa mpaka kwenye kope. Sijawahi kumwona mtu aliyechoka vile akiwa bado hajaanguka.

"Ya tatu siiamini," alisema. "Ikiwa na ufa kama mwenzake, mteremkoni itakatika. Mbili hazishiki gurudumu. Kesho nitaitoa."

Kesho maana yake hakuna mazishi, kwa kuwa njia peke yake inakula nusu siku. Kila mtu alijua. Nikasogea karibu yake, nikapiga magoti pale kwenye mchanga uliolowa mafuta. Mimi ambaye humsema mbele za watu, siku ile sikumsema. Nilimwomba.

"Baba Jacqueline," nilimwambia, "nimekuomba nini tangu unioe? Funga twende. Nikamzike mama yangu."

Alinitazama. Kisha akainuka, akaenda nyuma kwenye vyuma chakavu, akarudi na bomba refu. Akalichomeka kwenye mkia wa spana, akaitia spana kwenye ile bolti ya tatu. Nondo zilikuwa jikoni, nyekundu, hakuzigusa. Nilifungua mdomo nimwambie bado haijachomwa. Hakuvuta kidogo, hakusikiliza kwa kiganja. Alikanyaga mguu wake kwenye gogo, akafumba macho, akavuta mara moja kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Ilitoa mlio mkavu. Spana na bomba vikaanguka chini, na kichwa cha bolti kikabingirika mpaka miguuni pa Bartholomayo.

"Imekatika," alisema.

Hapo hesabu ya Bartholomayo ilikwisha. Kwa bolti mbili hata mwendawazimu hatoki nje ya soko. Watu wakabeba vifurushi vyao. Mama mmoja alisema, akijua anasikika, kwamba siku hizi kila mwenye spana anajiita fundi. Mwingine alisema huyu ndiye aliyekuwa akiaminiwa na ushirika, si ajabu ushirika ulikufa. Placidi alikuwa anaokota vifaa vyake kimoja kimoja akivipangusa. Mzee Fakihi alinipa pole mara ya pili, akaondoka.

Sikusema neno usiku ule, na watoto walishangaa. Nilikuwa najua nilichokiona. Miaka yote niliyokaa ubavuni mwa gereji ile sijawahi kumwona akiweka bomba kwenye spana. Aliwakataza hata madereva wasiweke. Mwanamume huyu aliyemudu bolti za malori ya ushirika yaliyozeeka kuliko yeye asingeikata bolti kwa bahati mbaya. Nilimtazama amelala kitandani kama aliyekufa, nikatamani nimwamshe nimpige.

Asubuhi alikuwa amekwisha kwenda. Mtu wa baiskeli alirudi tena Kigonsera, safari hii akaleta bolti mbili. Mimi sikwenda kumpepea. Nilikaa kibandani, jiko nimeliacha wazi aje ajichukulie mkaa. Alikuja, akachukua, akapepea mwenyewe, akachoma mwenyewe. Kwa kuwa vichwa vilikuwa vimekatika, aliondoa mkono wote, akabaki na vile vipande viwili vimechungulia kidogo kwenye chuma. Alivichoma kwa zamu, akivishika kwa koleo la bomba. Kile cha zamani kilitoka saa za asubuhi. Kile cha jana kilimkawiza.

Kengele ya kanisa ilipogongwa adhuhuri nilijua kwamba Mbaha wameanza sala. Niliondoka kibandani, nikaenda kusimama mbele yake. Wakati huo kipande kilikuwa kimetoka. Alikuwa amekaa chini, amekiweka kiganjani, anakitazama pale kilipokatikia. Aliponiona hakukificha. Alinipa.

Mimi si fundi, lakini nimeishi na fundi. Ile ya pili yenye ufa ilikuwa na mstari mweusi pale chuma kilipokuwa kimeanza kuachana zamani. Hii ilikuwa inang'aa yote, kutoka ukingo hadi ukingo, nyeupe, mpya.

"Ilikuwa nzima," Placidi alisema.

"Kwa hiyo tungefika."

"Tungefika."

Angeweza kuitupa vichakani kabla sijaja. Nani angejua? Hilo nililifikiria baadaye sana. Wakati ule sikuwa na nafasi ya kulifikiria. Nilimwuliza, ingawa nilikuwa najua, kama aliikata makusudi. Akasema ndiyo.

"Ungeniambia hapana," nilisema. "Mimi ni mkeo. Ungesema tu hapana."

"Nilisema. Ukaniomba." Alipangusa mikono kwenye suruali. "Ungeniomba mara ya pili, ningefunga."

Nilikaa chini pale pale. Nililia kwa sauti, kilio ambacho jana yake sikukimaliza, na watu wa sokoni wakaja kutazama wakadhani ndiyo kwanza nimepata habari. Nilimlilia mama, na nililia kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nimeolewa na mtu asiyeweza kunikatalia, na kwa sababu hiyo hiyo mama yangu alikuwa anazikwa bila mimi. Placidi hakunigusa. Alirudi chini ya gari, akaanza kurudisha mkono, bolti moja baada ya nyingine. Hakutia gundi. Zilipokaa zote nne alimwita Mzee Fakihi kutoka dukani, akampa spana, akamwomba ahakiki. Mzee wa watu hakujua anahakiki nini, lakini aliinama na kanzu yake, akavuta kila moja, akasema ziko imara.

Tuliondoka alfajiri ya siku iliyofuata, sisi wawili na Mzee Fakihi tu. Wale wengine walisema hawana sababu ya kwenda kwenye msiba uliokwisha. Tulipita Kigonsera, tukapita Kitai, tukaiacha barabara ya Songea. Sikuzungumza. Mzee Fakihi alijaribu kuzungumzia bei ya sukari, akaona hapana. Kwenye mteremko wa Lituhi, pale ziwa linapojitokeza chini, Placidi alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti akilisikiliza gurudumu la mbele, na mimi nilikuwa natazama korongo. Ni refu. Nilikuwa nalijua tangu utoto, lakini siku ile nililitazama mpaka chini.

Mbaha tulifika adhuhuri. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, udongo wake bado mwekundu, msalaba haujaandikwa. Nathanieli alitoka kutupokea, macho yamemvimba. Tulikumbatiana. Watu wa matanga walikuwa wamekaa pande zote, wajomba, shangazi, majirani, na wote walikuwa wakimtazama mume wangu. Habari zilikuwa zimetutangulia, sijui kwa mdomo wa nani, kwamba fundi wa Mbinga alikata bolti.

Nathanieli alimsalimia Shikamoo, Placidi akaitika. Kisha mdogo wangu hakuweza kujizuia.

"Shemeji," alimwuliza, "ilikushinda?"

Placidi alivua kofia. Niliona anataka kusema ndiyo. Angesema ndiyo, mambo yangekwisha, angebaki kuwa fundi asiyefaa mbele ya ukoo wangu wote mpaka afe, na asingelalamika hata siku moja. Nami nilikuwa nimemkasirikia kiasi cha kumwacha aseme.

"Haikumshinda," nilisema. "Hakuna bolti inayomshinda. Aliikata kwa mikono yake, makusudi, ili mimi nisipande gari lile. Aliogopa kunizika."

Watu waligeukiana. Shangazi mmoja alianza kusema kitu, akaacha. Nathanieli alinitazama mimi, akamtazama yeye. Sikujua atafanya nini, maana ni kijana mwenye damu moto kama mimi.

"Tulingoja mpaka jua likazama," alisema mwishowe. "Tulishika makoleo tukanyamazisha hata watoto. Tulikuwa tunasikiliza kama gari linakuja."

"Najua," Placidi alisema.

Nilikwenda kaburini. Nilichota udongo, nikautupa. Mtoto wa kwanza akitupa udongo, unagonga jeneza, kila mtu anasikia, ndipo wengine wanafuata. Wangu uliangukia udongo mwenzake, haukutoa mlio wowote. Nilichota tena nikatupa, nikitegemea sijui nini. Sikuwa nimemsamehe. Nilikuwa na hasira, nilikuwa nimechoka kuliko siku zote za maisha yangu, na nilikuwa hai. Nilisikia viatu vya Placidi nyuma yangu vikisimama mbali kidogo, kama mtu asiyejua kama ameruhusiwa. Nikasogea upande, nikamwachia nafasi, akainama akachota wake.